Huko Milimani Hakuna wa Kukuomba

Kuna asubuhi moja ya theluji ambayo hata nikizeeka nikasahau jina la baba yangu, yenyewe nitaikumbuka. Asubuhi hiyo mwanamke ambaye hakuwa ndugu yangu wala wa kabila langu alisimama kando ya kitanda changu akanigombeza mpaka nikalia. Nilikuwa muuguzi mwenye cheti, msichana wa kujiamini, na sikuwa nimegombezwa hivyo tangu nitoke nyumbani kwa mama yangu.

Nitakufikisha kwenye asubuhi hiyo, mwanangu Akiru. Kwanza keti. Weka hiyo simu kwenye mkoba. Leo nina hasira na wewe, na nimeamua kutoificha, kwa sababu nikiificha utadhani tumekutana kuongea habari za hali ya hewa.

Ulinitumia ujumbe wa sauti kutoka Kakuma. Niliusikiliza hapa hapa Kanamkemer, nikichambua maharagwe. "Auntie, nimepata ile kazi ya lishe Lesotho. Si we uliishi huko? Hebu niambie faida na hasara, nijipange." Nikafurahi. Mimi ni mtu wa kufurahi upesi, unanijua. Nikaanza kupanga maneno kichwani, hili nimwambie, lile niliache. Maharagwe hayajaisha, nikasikia hodi, na aliyesimama mlangoni alikuwa Arot, mama yako mzazi, mjane wa kaka yangu, vumbi limempanda hadi magotini, na macho ya mtu ambaye hajalala.

"Ejok," nikamsalimu.

"Ejok," akajibu, lakini ilikuwa ejok ya mdomo tu.

Alikuwa ametoka Nakalale kwa lori la mbuzi hadi Kakuma, akutafute kazini kwako. Alifika kwenye geti la shirika lenu akamwambia mlinzi yeye ni mama wa Akiru. Kijana wa watu akakupigia simu. Mama yako hajasoma, lakini masikio anayo, na sauti yako anaijua tangu ilipokuwa kilio. Alikusikia kwenye ile simu ukisema, "Mwambie niko field. Narudi wiki ijayo." Na dirisha la ofisi yako, mwanangu, linatazama getini. Alikuona ukifunga pazia.

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningepona mimi. Alirudi barabarani pale mabasi ya Lokichoggio yanaposimama, akaketi chini, na mwanamke mmoja wa Sudan Kusini anayeuza chai pale akamwita. "Mama, wewe kuja hapa. Kaa. Hii chai yangu, wewe hapana lipa." Akampa mkeka wa kulalia mpaka akapata gari la kuja huku Lodwar. Mkimbizi, Akiru. Mtu aliyekimbia kwao na nguo za mwilini ndiye aliyempa mama yako mkeka, na wewe mwenye ofisi yenye pazia ukalivuta.

Nilipokupigia simu nikikutukana, na ninajua nilikutukana, ulinijibu nini? "Auntie, mi nimechoka. Kila siku ni nipe. Nipe sukari, nipe viatu, nipe kredo ya simu. Watu wetu hata wakikusalimia mkono uko mbele. Ndio maana naenda. Huko milimani hakuna mtu ataniomba kitu."

Basi umekuja, umeketi. Mama yako yuko nyuma ya nyumba anakunywa chai, na anajua uko hapa. Usinyanyuke. Hutamwona kabla sijamaliza. Ukitoka hapa ukampita kama ulivyompita Kakuma, panda ndege yako, lakini ujue hutakuwa na nyumba ya kurudia, si kwake wala kwangu. Nimesema nina hasira.

Uliuliza faida. Nitakupa faida zote, sitachakachua. Mimi si wale wazee wanaosema kila nchi ya nje ni jehanamu ili vijana wabaki hapa kuwachotea maji. Wananikera sana hao.

Nilikwenda Lesotho nikiwa na umri kama wako. Kanisa lilikuwa na kliniki huko juu, wakahitaji muuguzi, nikasema niko hapa. Nchi yenyewe ni ndogo, milima imejaa, na ukimaliza milima upande wowote ule unakuta Afrika Kusini. Kitu cha kwanza kilichonishangaza ni mto. Ulikuwa na maji. Nikadhani ni mafuriko, nikangoja yapite. Wiki zikapita, maji yako pale pale, na hakuna mtu anayechimba mchanga kuyatafuta. Majani nayo yalikuwa mengi hadi ng'ombe wanachagua. Nikafikiria mbuzi wa baba yangu wanavyosimama kwa miguu miwili kung'ang'ania tawi la mgunga, nikaona wivu, wivu wa kweli.

Siku ya kwanza ya mvua nilitoka nje nikasimama uani, uso juu, mikono nimeikunjua, kama Mturkana yeyote mwenye akili timamu. Wenyeji wakapiga mayowe madirishani. Mimi nikadhani nao wanashangilia mvua. Kumbe radi za kule zinaua watu, na walikuwa wakinililia niingie ndani. Niliingia nimelowa chapachapa, na wagonjwa wenyewe wakanicheka mpaka wakasahau maumivu.

Watu wa kule wana heshima. Mwanamume mzima anaitwa Ntate, yaani baba, hata na asiyemjua, na hakuna anayekupita njiani bila salamu. Bunduki sikuisikia. Mwanzoni nilikosa usingizi kwa sababu ya huo utulivu, maana nilizoea kulala sikio moja likiwa macho. Na kazi utaijua. Mimi nilifundishwa kupanda farasi ili nifike kwa mama anayejifungua mahali gari halifiki. Nilirudi hapa muuguzi wa kutegemewa, na nusu ya watoto wa Kanamkemer wanaokuuzia muda wa simu leo nimewapokea kwa mikono hii. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba hakuna kitu huko.

Hasara nazo hizi hapa. Baridi ya huko si ya Kitale, ile mnayovalia koti na kupiga picha. Inaingia kwenye mifupa na haina haraka ya kutoka. Anga ni dogo. Hapa kwetu mgeni unamwona akiwa bado mbali, unapata muda wa kuweka maji ya chai jikoni. Kule mtu anachomoza tu kwenye kona ya mlima, ameshafika. Chakula ni ugali na mboga, huo sawa, lakini maziwa ya ngamia yasahau. Wanaume wengi walikuwa ng'ambo kwenye migodi, na wake zao walikuwa wanaume na wanawake wa nyumba kwa wakati mmoja. Siku hizi naambiwa migodi imewapunguza, na vijana wanakaa bila kazi kama hawa wa kwetu.

Halafu hii. Baba yangu, babu yako, alipofariki, habari ilinifikia akiwa ameshazikwa. Nchi ambayo imezingirwa na nchi moja hutoki tu ukaondoka. Unaanza kumwomba jirani akupitishe kwake, na karatasi zangu hazikuwa tayari. Niliketi kwenye jiwe nyuma ya kliniki nikamlilia kwa Kiturkana, peke yangu, na hakuna aliyejua ninasema nini. Hiyo haijanitoka. Ukienda, ujue unaweza kulipa hivyo, na huyo anayekunywa chai pale nyuma si kijana.

Haya. Hizo ndizo faida na hasara za milima, na milima haijakukosea kitu. Ungeuliza hizo tu tungekunywa chai tukaagana vizuri. Hasira yangu iko kwenye lile jingine, la kuombwa.

Usidhani wewe ndiye wa kwanza kuchoshwa na nakinae, hiyo nipe ya kwetu. Nami nilitoka hapa nimechoshwa. Nilisomeshwa na watu waliotuambia kuomba ni ugonjwa wa Waturkana, na nikawaamini kwa sababu walikuwa na chaki. Mpaka leo wanasema. Huko Kakuma mnaketishwa kwenye semina mnaambiwa utegemezi, utegemezi, na shirika lenyewe halilali usiku likiwaomba wafadhili. Tofauti ni kwamba lenyewe linaomba kwa Kiingereza na picha za rangi, ndiyo maana haliitwi ombaomba. Mama yako akisema nipe, hiyo ndiyo aibu! Mnanichefua.

Sasa sikiliza. Kule kliniki nilipewa chumba kimoja, na ukuta kwa ukuta na mimi alikuwa mwanamke ambaye nitamwita Mama Thabo, maana nao humwita mama kwa jina la mtoto wake. Mume wake alikuwa migodini. Wiki ileile ya kwanza alinibishia hodi na bakuli. "Ke kopa letsoai," akasema, akanionyesha kwa vidole. Letsoai nikaelewa ni chumvi. Kopa hilo halikuhitaji mkalimani, si ni Kiswahili? Nikamkopesha chumvi. Nikangoja anirudishie.

Hakurudisha. Akaja tena, ke kopa kiberiti. Ke kopa majani ya chai. Kila mara kopa, kopa, na hakuna kinachorudi. Nikasema moyoni, hawa nao? Nimekimbia nakinae kwetu nije nikutane na wakopaji wasiolipa? Kwa hiyo siku moja nikachukua kibakuli changu nikaenda kwake, nikasimama mlangoni, nikamwambia kwa Kiingereza cha pole pole kwamba nimefuata chumvi yangu.

Alinitazama mpaka nikatazama chini. Akaingia ndani, akatoka na pakiti nzima ambayo haijafunguliwa, akaniwekea mkononi. Tangu siku hiyo hakubisha tena. Nikaona nimeshinda. Niliandika nyumbani nikisema, huku watu wanajiheshimu, hakuna anayesumbua mwenzake.

Neno lile, mwanangu, halina maana ya deni. Kwao kukopa ni kuomba tu. Anaposema ke kopa anakuambia kile kile anachosema mama yako akisema nakinae. Sikuwa nimeuliza mtu. Nilikijua Kiswahili, kwa nini niulize?

Baridi ikaja, theluji ikafunga njia. Sista mkuu alikuwa amekwama bondeni na kliniki ilikuwa imefungwa. Kifua kikanibana, homa ikanishika, na mafuta ya taa ya jiko langu yakaisha. Ukuta kwa ukuta na mimi nasikia Mama Thabo akivunja vipande vya samadi kavu kuweka motoni, nasikia watoto wake wakicheka, nanusa moshi. Ningegonga ule ukuta kwa kidole. Sikugonga. Nilijiambia sitaanza kuwa mtu wa kuomba huku ugenini, na nikajifunika nguo zote nilizokuwa nazo nikatetemeka. Mtu yuko tayari kufa na tai shingoni na hata tai hana.

Asubuhi hiyo ninayokuambia, niliamka nimefunikwa blanketi zito la sufu ambalo si langu, moto unawaka chumbani, na Mama Thabo amesimama juu yangu. Aliona mlango wangu una theluji ambayo haijakanyagwa, akausukuma. Alininywesha uji kwanza. Aliponiona nimeweza kukaa, ndipo akaanza.

"Ulitaka nikuzike?" Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini siku hiyo hakikumpungukia. "Nikuzike niwaambie nini watu wa kwenu? Kwamba alikufa kwa baridi na mimi nina moto? Mimi nilikuja kwako nikuombe chumvi. Unadhani sikuwa na chumvi? Ulikuwa mgeni! Nilikuja kukuambia hapa ndipo pa kuja ukikosa. Nikaja tena na tena. Wewe ukaja kunidai. Ukanirudishia mlango wangu usoni!"

Nikaanza kusema samahani. Akanikatiza.

"Sitaki samahani. Omba."

"Niombe nini?"

"Chochote. Sema ke kopa. Nataka nikusikie."

Nilijaribu, nikashindwa. Akakunja mikono akangoja, hasira zimemjaa usoni, mwanamke wa watu mwenye watoto wa kulisha na njia za kusafisha theluji. Mwishowe nikasema, "Ke kopa metsi." Naomba maji. Akanipa maji, na akalia yeye kabla yangu.

Baada ya hapo ndipo nilipomkumbuka mama yangu, bibi yako. Alikuwa akipita kwa jirani anasema nakinae etaba, nipe tumbaku, na tumbaku yake iko kwenye kipochi kiunoni, nimeiona kwa macho yangu. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni ujanja. Hakuwa anatafuta tumbaku. Alikuwa anauliza kama bado yeye ni mtu katika ile nyumba. Na jirani akija kesho kuomba sukari, mama anatabasamu siku nzima, kwa sababu amejibiwa.

Sijakuita hapa nitubu mbele yako, hayo niliyamaliza na Mama Thabo, tena tuliishi ukuta ule tukiombana mpaka ikawa mchezo. Nimekuita kwa sababu unakwenda na ugonjwa ule ule, na hutakuwa na bahati ya jirani mwenye hasira kama yule. Unasema huko hakuna atakayekuomba. Ni kweli, unaweza kulipata hilo, nchi yoyote wanalo. Ukifunga pazia wiki ya kwanza, hawatakuja tena. Utakaa na kimya chako, usumbuliwe na nani? Halafu uugue.

Sisemi kila mkono unaonyooshwa una haki. Wako wanaokukamua, nawajua, na wananiudhi kama wewe. Yule binamu yako wa mjini anayetaka simu mpya kila Krismasi na kazi hataki, mwambie hapana. Mwambie ukimtazama. Atanuna, atakusema, Pasaka atakuja tena kwako kula. Watu wetu wanaijua hapana, wanaambiana kila siku na hawafi. Lakini kumtumia mlinzi aseme uko field wakati mama yako anakiona kivuli chako dirishani, hilo hatuna jina lake. Nimelitafuta tangu juzi.

Na hukumuuliza alichofuata! Hilo ndilo linalonipandisha damu zaidi. Ulijua. Ulijua bila kuuliza kwamba ni sukari, au ni viatu. Mimi nilimuuliza. Dereva wa lori alimwambia kwamba binti yake anahamia nchi ya milima na baridi, na yeye alikuwa hajaambiwa kitu. Akaacha mbuzi kwa jirani akaja. "Nilikwenda anipe kichwa chake," aliniambia, "nimpulizie maji. Atasafiri vipi na kichwa kikavu?"

Kichwa chako, Akiru. Alipanda lori la mbuzi kuja kukuomba utosi wako auloweshe kwa maji ya kinywani mwake, akubariki, kama mama zetu wanavyomfanyia mtu anayekwenda mbali. Hiyo ndiyo nipe iliyokukimbiza.

Futa machozi, sijamaliza. Au usifute, shauri yako.

Nasaha yangu ni hii, na naisema wazi ili usiseme shangazi alizunguka. Nenda. Sikuzuii, na asikuzuie mtu. Nchi ile ni nzuri, na kazi ni nzuri, na wewe una akili. Lakini usiende kwa sababu ya kukimbia watu, maana watu utawakuta. Ukifika, wiki ile ile, gonga mlango wa jirani ukaombe chumvi, hata kama mfuko wako umejaa. Akija yeye kwako, mpe, na usingoje irudi. Ukishindwa kumpa mtu, mwambie umeshindwa, mbele yake. Laini yako ya simu usiibadilishe. Mama yako akipiga akakuomba sukari kutoka Nakalale wakati wewe uko kwenye theluji, jua anauliza kama bado uko, na umjibu. Na karatasi zako za kuvuka mpaka ziweke tayari siku zote, uelewe ninachosema.

Akuj, Mungu wetu wa juu, akutangulie kwenye kila kona ya mlima. Kifua chako kiwe na joto. Mikono yako isikose cha kutoa, na mdomo wako usione haya kuomba. Mahali utakapolala wawepo watu wa ukuta wa pili. Uende, ufanye kazi, uzae ukipenda, urudi tukiwa hai.

Hiyo ni baraka yangu, nayo ni ya pili. Ya kwanza si yangu. Nimemwona mama yako hapo dirishani ameweka kikombe chini na kuchota maji. Pita mlango wa nyuma, upige magoti, maana wewe ni mrefu kwake. Usianze kumweleza habari za field, hawezi kukujibu sasa hivi. Maji ameshayatia mdomoni.